Namna ya Kuingia Baa ya Sumbawanga na Bastola Kiunoni

Hongera, umefika. Umelala Tunduma, umepita Laela, gari limepanda uwanda wa Ufipa hadi masikio yakaziba, na sasa uko Sumbawanga mjini, jioni imeingia, mfukoni una fedha za kununulia mahindi. Kwa ajili ya fedha hizo una bastola. Kwa ajili ya bastola una leseni. Na kwa ajili ya safari una kiu. Leseni ilikutoa jasho: maombi yalianzia serikali ya mtaa, yakapanda kata, wilaya na mkoa, ukachukuliwa alama za vidole, ukaambiwa subiri, ukasubiri. Kiu haikuomba kibali kwa mtu. Mwongozo huu unakufundisha kuviingiza vyote katika baa moja bila kuvunja agizo lolote lililobandikwa ukutani. Usome wote kabla hujashuka kwenye gari. Hutausoma wote, lakini ni wajibu wetu kukuambia.

Kwanza, vaa koti. Sumbawanga iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai haina utani. Dar es Salaam mtu mwenye koti zito saa moja usiku ana mambo yake; huku asiye na koti ndiye mgeni. Hiyo ni heri kwako, maana kila koti mjini hapa limefura upande mmoja. Lipo lililobeba redio, lipo lililobeba chupa ndogo, lipo lililobeba bunda la noti, na lipo lililobeba hindi la kuchoma ambalo mwenyewe hataki kugawana. Mlinzi hawezi kujua lipi ni lipi, nawe unapita na uvimbe wako katikati ya uvimbe wa wenzako. Sharti ni moja tu: usipapase kiuno. Mwenye redio hapapasi redio. Mwenye bastola huipapasa akishuka kwenye gari, akivuka mtaro, akivuta kiti, na kila mlango unapofunguliwa. Utapapasa. Kabla bia yako ya kwanza haijafunguliwa, meza tatu zitakuwa zimejua ulichobeba, na ya nne itakuwa imehama.

Pili, kitafute kibao. Ukuta wa mbele umepakwa rangi za kampuni ya bia kutoka chini hadi juu, na jina la baa linasomeka tangu ng'ambo ya barabara. Kibao cha silaha kiko chini zaidi, nyuma ya bodaboda zilizoegeshwa. Mwombe kijana asogeze pikipiki. Sasa soma: NI MARUFUKU KUINGIA NA SILAHA YA AINA YOYOTE. Chini yake kuna michoro ya aina ile uliyoizoea kwenye milango ya benki: bastola, kofia ya pikipiki na miwani myeusi, kila kimoja ndani ya duara na mstari mwekundu wa kukikataa. Inama uchungulie vizuri. Rangi nyekundu ndiyo huliwa na jua mapema, nyeusi hudumu. Kwa hiyo duara limepauka, mstari umefutika, na iliyobaki ni bastola safi, kofia na miwani, mithili ya orodha ya vinavyopatikana ndani. Usimuulize mlinzi bei. Ameshaulizwa.

Tatu, ingia ukasome kibao cha pili. Kiko juu ya kaunta, kimechapwa kwenye karatasi na kuvikwa plastiki: MTEJA MWENYE SILAHA AIKABIDHI KAUNTA. Hapo utasita kidogo, na una haki. Mwenye silaha haruhusiwi kuingia, na kaunta iko ndani. Ili ukitii cha pili ni lazima kwanza ukivunje cha kwanza. Na ukikitii cha kwanza hutajua kamwe kwamba cha pili kipo. Usilalamike. Vibao hivi havikuandikwa siku moja. Cha nje kiliwekwa baada ya ukaguzi, cha ndani kiliwekwa baada ya ugomvi, na mwenye baa hakuona haja ya kuvikutanisha. Muulize kipi kinafanya kazi. Atakujibu vyote viwili, na atakuwa anasema kweli: cha nje kinamkinga na maofisa, cha ndani kinamkinga na wateja. Cha kukukinga wewe hakijachapwa.

Nne, kama bado unasisitiza, kabidhi. Mwinamie dada wa kaunta, umwambie kwa sauti ya chini kwamba una bastola. Hatasikia, muziki ni mkubwa. Rudia. Hatasikia. Rudia kwa sauti ya kusikika. Wakati huohuo DJ atakuwa anabadilisha wimbo, na baa nzima itakuwa imepata taarifa. Dada atavuta droo. Tazama ndani: kifungulio cha chupa, daftari la madeni, chenji za sarafu, kitambulisho cha mteja aliyeshindwa kulipa wiki iliyopita, na sasa bastola yako. Droo haina kufuli. Tundu la kufuli lipo. Kabla hujashusha pumzi, toa leseni usome jina lililoandikwa. Ni moja, na si la dada. Tangu itungwe Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na hata kabla yake, leseni ya silaha si kitu cha kuazimana kama jembe. Wewe umeiachia silaha mikononi mwa asiye na leseni, naye, aliyeajiriwa kufungua bia, ameipokea. Kibao mmekitii barabara. Watuhumiwa sasa ni wawili.

Tano, kiangalie kibao cha tatu, kilicho hatua moja kutoka cha pili: UONGOZI HAUTAHUSIKA NA UPOTEVU WA MALI YA MTEJA. Ukivisoma vyote viwili kwa pumzi moja vinasema: tuletee bastola yako, na ikipotea, pole. Kosa ni lako kwa kuvisoma kwa pumzi moja. Vibao vya baa husomwa kimoja kimoja, tena kwa siku tofauti. Hiyo ni kanuni ambayo hakuna aliyeitangaza na hakuna asiyeifuata. LEO TASLIMU KESHO MKOPO kimening'inia hapo miaka, na daftari la madeni liko chini yake. WALIO CHINI YA MIAKA 18 HAWARUHUSIWI, na mtoto wa mayai ya kuchemsha amepita mara mbili tangu ukae. Wenyeji wanapita katikati ya maagizo haya bila kugusa hata moja. Wewe usijaribu, na zaidi ya yote usivipige picha. Anayesoma ukuta wa baa kwa makini huchukuliwa kuwa mtu wa mapato, na utaletewa risiti ya mashine ambayo hukuiomba.

Sita, tafuta mahali pengine pa kuiweka. Kwenye gari? Ukutani mwa maegesho pameandikwa GARI LINAEGESHWA KWA HATARI YA MWENYEWE, na hicho ndicho kibao pekee mjini ambacho hakipingani na kingine. Kwa dereva? Hana leseni, na ukimtafuta utamkuta jikoni akisubiri mguu wa mbuzi. Gesti? Mapokezi wanasema vitu vya thamani vikabidhiwe kwao, na droo yao ni ndugu wa droo uliyoiona. Kituo cha polisi? Naam, hapo umelenga. Polisi wana ghala la silaha, wana daftari la kuandikia na wana mtu wa kutia saini. Ingia, salimia, eleza shida yako. Afande atakuuliza kwa nini unataka kuihifadhi usiku huu. Jibu la kweli ni hili: "Afande, nataka kwenda kunywa bia." Ni jibu la raia mwema, lisilo na doa. Lifanyie mazoezi garini ukiwa peke yako. Halitatoka. Utageuza gari mbele ya kituo, na afande wa zamu atakuwa ameshaikariri namba yake.

Saba, toka nje ya mji ukajifunze kwa wanaojua. Shika njia ya Matai au ya Kaengesa, utafute kilabu cha pombe ya ulezi baada ya mavuno, wakati watu wana fedha kidogo na sababu nyingi. Hakuna kibao. Mkulima anafika na panga, mwingine na shoka, mfugaji na fimbo yake ndefu, na kila mmoja anaegemeza chombo chake kwenye ukuta wa udongo kabla hajatafuta pa kukaa. Anayejisahau husikia maneno mawili tu kutoka kwa mama mwenye pombe: "Panga nje." Hapana risiti, hapana namba, hapana droo. Giza likiingia kila mtu huchukua la kwake, na kati ya mapanga kumi yanayofanana hakuna anayekosea lake, hata yule atakayekosea njia ya nyumbani. Kitu usichokiona kwenye ukuta ule ni gobore. Bunduki hizi za kushindiliwa baruti mdomoni zinajulikana sana Rukwa na Katavi, na Serikali imeshatoa zaidi ya mara moja muda wa kusalimisha silaha haramu kwa hiari bila kushtakiwa. Mwenye gobore ambaye hajasalimisha anajua urefu wake. Hajidanganyi kwamba koti litalifunika. Wewe mwenye kitu kifupi ndiye unayejidanganya. Mweleze mama habari za leseni yako, kuanzia mtaa hadi mkoa. Atakusikiliza mpaka mwisho, kisha atasema: "Sawa, baba. Iweke nje."

Nane, rudi mjini ujifunze ukaguzi. Kibao kinasema silaha ya aina yoyote, lakini aina hupangwa mlangoni. Ukija kwa miguu utapekuliwa: bisibisi ya fundi ni silaha, kisu cha kumenyea machungwa ni silaha, na fimbo ya mfugaji ni silaha hata kama ng'ombe wake wanamsubiri barabarani. Ukija na gari refu jeupe lenye vioo vyeusi, geti litafunguliwa kabla hujapiga honi, mlinzi atapiga saluti na rungu lake kwapani, na kifaa cha kukagulia kitabaki mezani kwa kuwa betri imeisha. Betri hiyo ina tabia zake: huisha gari kubwa likikata kona na kupata nguvu baiskeli ikitokea. Sikiliza unavyoitwa. Ukiitwa mheshimiwa, umepita. Ukiitwa bosi, umepita. Ukiitwa kaka, subiri pembeni. Ukiitwa wewe, inua mikono. Mwisho wa ukaguzi ndani ya baa hamna bisibisi hata moja, na bastola zimo. Kama siku moja utataka kujua ni nani aliyeingia na silaha, usihangaike kutazama makoti. Uliza nani hakupekuliwa.

Tisa, usidhani wenzetu wameliweza jambo hili. Texas, Marekani, baa inayopata asilimia 51 au zaidi ya mapato yake kwa vileo vinavyonywewa hapohapo hubandika tangazo lenye 51% kubwa nyekundu, na humo bastola haiingii hata kwa mwenye leseni. Mgahawa uliouza bia lakini ukaishi kwa chakula ulikuwa na tangazo jingine, la buluu, la kuwaonya wasio na leseni. Kisha kuna tangazo la kifungu 30.06 kwa bastola iliyofichwa na la kifungu 30.07 kwa iliyo wazi, yote kwa Kiingereza na Kihispania, kwa herufi zisizopungua inchi moja. Walipokaribia kuyazoea, ikaja sheria iliyoanza tarehe 1 Septemba 2021, ikawaruhusu watu wengi wenye miaka 21 na kuendelea kubeba bastola bila leseni kabisa, na milango ikahitaji maandishi zaidi. Kwa ufupi, mnywaji wa huko anatakiwa kujua hesabu za mwenye baa kabla hajasukuma mlango.

Ijaribu kanuni hiyo hapa kwetu. Baa yako inauza bia na soda. Jiko la nyama choma ni la mpangaji. Migebuka ya kukaanga ni ya mama aliyekaa barazani na karai lake. Chipsi ni za kijana wa nje ya geti. Basi kiti chako kina vileo karibu asilimia mia, na kiti cha mama wa migebuka kina sufuri. Ukihama na bia yako hatua nne kufuata samaki, umetoka kwenye kosa ukaingia kwenye haki, na ukirudi kuchukua chumvi umekosa tena. Hesabu ni nzuri, ila usimwombe mwenye baa mchanganuo wa mapato yake. Hata waliotumwa rasmi kuuomba bado wanasubiri.

Kumi, sasa kunywa. Hatukukataza, maana hukuja kwa mashauri yetu. Utaanza kwa kusema unakunywa kidogo, kama wote waliokaa humo. Bia ya kwanza utaketi umeegemea ukuta, ukitazama mlango. Ya pili, bastola itakuwa inakuchoma ubavu, utaihamishia mfuko wa koti. Watu wataongezeka, baa itapata joto, utalivua koti na kulitundika kwenye kiti cha plastiki. Zingatia uzito: kiti cha plastiki chenye koti lililobeba chuma upande mmoja hukaa sawa muda wote unapokikalia. Ukisimama kwenda msalani, kinaanguka chali. Utasikia mlio wa chuma kwenye sakafu ya saruji, na utajua kwa mara ya kwanza jinsi baa ya Sumbawanga inavyoweza kunyamaza. Okota bila kutabasamu. Tabasamu hapo lina tafsiri nyingi, na zote ni mbaya.

Ya tatu ndiyo yenyewe. Mtu atapita na glasi, atakumwagia bia kiatuni, na hataomba radhi haraka kama unavyostahili. Utasimama, utamuuliza swali ambalo limeanzisha nusu ya ugomvi wa baa za nchi hii: "Unanijua mimi ni nani?" Hakujui. Umefika leo. Hapo mkono utaelekea kotini, si kwa nia mbaya, ni kumwonyesha tu. Basi elewa mambo mawili kabla vidole havijafika. La kwanza, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inalo kosa la kutembea hadharani na silaha kwa namna ya kuwatia watu hofu, na haisemi kama ulikuwa unaonyesha tu. La pili, Januari 2020, katika klabu moja ya Kilimani jijini Nairobi, DJ alipigwa risasi shingoni. Mbunge alishtakiwa, na baadaye mahakama ikamwachia huru. DJ aliuguza shingo ile miaka. Na klabu za Nairobi hazina upungufu wa vibao.

Kama umefuata mwongozo huu hatua kwa hatua, saa hizi umevunja kibao cha nje, umemtia dada wa kaunta hatiani, umemkwepa afande, umeitwa mheshimiwa, na umeangusha kiti. Hakuna cha kushangaza. Mwongozo umefanya kazi yake. Vibao vitatu havikushinda kwa sababu kila kimoja kiliandikwa kumlinda aliyekibandika, na mlango uliwachuja mafundi na wafugaji ukakuacha wewe. Mama wa pombe ya ulezi alimaliza suala lote kwa maneno mawili, kwa sababu kwake hakuna mheshimiwa.

Mwenye baa, ng'oa vibao viwili ubakize kimoja, kisha umwambie mlinzi aanze kupekua wanaoshuka kwenye magari makubwa. Nawe mgeni, leseni yako ina jina moja, na hakuna karatasi ya kaunta inayoweza kuongeza la pili. Kati ya bastola na bia, chagua kimoja ungali mzima.